Chupa namba 17 na harufu ya moshi

Alhamisi, wiki ya pili ya Novemba. Kenyamonta.

Tumepoteza kisima. Kilipotea Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa ujumbe wa sentensi mbili ulionikuta nimepiga magoti kwenye pampu ya shule, mikono imejaa grisi. Sentensi ya kwanza ilisema majibu ya maabara yanaonyesha kwamba karibu nusu ya maji ya kisima chetu yanatoka kwenye lambo la mifugo. Ya pili ilisema kisima kimeondolewa kwenye orodha ya mradi na nafasi yake inakwenda Ringwani.

Nilikaza nati zangu nne zilizobaki, nikapanda pikipiki, nikarudi nyumbani kwa gia ya pili njia nzima.

Leo jua limewaka tangu saa mbili. Sasa ni saa tisa alasiri na mawingu yamejazana upande wa ziwa. Kila ikinguruma natoka nje kutazama. Nimetoka mara sita. Nina mtama shambani, naihitaji mvua kama kila mtu hapa, lakini leo naiomba isubiri siku nne.

Siku nne tu.

Kwa wanaoingia kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi wa pampu za mkono. Sikusomea chuo. Niliishia darasa la saba, nikaanza kwa kuwabebea spana mafundi waliotoka mjini, nikiangalia wanachofungua na wanachosahau kufunga. Walipoacha kuja, pampu ziliendelea kuharibika, nikawa naenda mimi. Wanaume walikuwa wanasimama pembeni wakicheka, "Mwanamke huyo atadumbukiza bomba lote chini." Nimefungua pampu mia mbili na kumi na tatu mpaka leo. Nimedumbukiza bomba mara moja, na nilikesha nalo mpaka nikalitoa.

Miaka miwili sasa nina kazi ya pili: nakusanya sampuli za maji kwa ajili ya mradi. Kila mwezi chupa saba ndogo za mililita hamsini. Mvua ya kwenye kipimo cha shule, mto, lambo, na visima vinne. Zinakwenda Mugumu kwa pikipiki ya mradi, kutoka pale kwa basi mpaka maabara. Kwenye karatasi zao mimi naitwa "mkusanyaji". Sina jina.

Kinachopimwa si uchafu. Ni uzito wa maji yenyewe. Hidrojeni ipo ya kawaida na ipo nzito kidogo, oksijeni hivyo hivyo, na hizo aina ndizo wanazoziita isotopu. Haziozi, hazigeuki, ndiyo maana wanaziita thabiti. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachota tu bila kuelewa, na kitu nisichokielewa kinaniwasha. Nikamsumbua dada mmoja wa maabara kwenye simu mpaka akanieleza. Jua likipiga maji, yale mepesi yanatangulia kuondoka, mazito yanabaki nyuma. Nilimwambia, kumbe ni kupeta mtama! Upepo unachukua makapi, punje zinabaki kwenye ungo. Akacheka akasema kwenye chuo alichosoma walitumia muhula mzima kulisema hilo.

Basi lambo linapetwa na jua kiangazi chote, maji yake yanakuwa mazito. Mvua inayonyesha mlimani ikazama haraka kwenye changarawe haipetwi, inafika kisimani ikiwa nyepesi kama ilivyodondoka. Kwa hiyo ukipima maji ya kisima unajua yametoka wapi. Ya mlimani, au ya lambo walimokojoa ng'ombe.

Na hapo ndipo mradi unapoamua. Kisima cha mlimani kinachimbwa zaidi, kinajengewa kwa zege, kinawekewa pampu, na kipande cha mlima kinachokilisha kinazuiwa kulimwa na kuchungia. Kisima cha lambo kinaachwa, kwa sababu lambo likikauka nacho kinakauka, na likichafuka nacho kinachafuka. Ni uamuzi wa akili. Hata mimi ningeamua hivyo.

Kisima chetu ni shimo lililochimbwa kwa jembe na sururu na wanaume wa hapa kabla sijaolewa. Septemba kinatoa ndoo arobaini, halafu kinagoma mpaka alfajiri. Tuko kaya sitini na moja. Piga hesabu mwenyewe nani anakunywa lambo.

Siku tatu za kwanza niliamini ripoti iliyokuja na ule ujumbe.

Hilo ndilo linaloniuma kuandika. Lambo liko hatua mia nne kutoka kisimani na liko juu kidogo, kwa hiyo inawezekana kabisa. Nilichukua daftari langu la hesabu, lile la mistari ya miraba, ambalo nimechora humo nukta ya kila chupa kwa miaka miwili: oksijeni kwenda kulia, hidrojeni kwenda juu. Mvua zetu zote zimejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Lambo limetoka nje ya mstari, peke yake, kulia kabisa. Nikaweka nukta mpya ya kisima, chupa namba 17 kwenye ripoti. Ikaangukia katikati, nje ya mstari, karibu nusu ya njia kuelekea lambo. Kwa oksijeni, mvua ya mlimani iko kwenye hasi tatu nukta sita. Lambo chanya nne nukta moja. Kisima hasi sifuri nukta moja. Safari nzima ni saba nukta saba, kisima kimetembea tatu na nusu. Asilimia arobaini na tano. Hesabu ya maabara haikuwa na kosa hata moja. Nukta zake za nyuma zilikuwa kwenye mstari, lakini nikadhani kiangazi hiki lambo limeanza kupenya.

Nilikaa nalo lile daftari kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Jumatano silali, Alhamisi sili, Ijumaa nikamfokea mume wangu kwa sababu ya kamba ya ndama. Akaniambia, "Mama Bhoke, kama ni kisima, kamba haijakukosea." Akaenda zake kwenye ng'ombe.

Jumamosi nikaisoma ripoti upya. Ukurasa wa pili, safu ya mwisho, ambayo hakuna anayeisoma: chumvi. Mimi nina kipimo cha chumvi changu mwenyewe, cha kuchovya, nilichokichukua kwa muuza vifaa mmoja pale Tarime, Alhaji mwenye duka la pampu na mabomba, ambaye alinifundisha na kukisafisha. Nimepima kile kisima zaidi ya mara ishirini. Hakijawahi kuzidi mia tatu na thelathini. Lambo huwa mia moja na arobaini. Chupa namba 17, kwa mujibu wa maabara: mia tano na kumi na mbili.

Nikasimama.

Ukichanganya maji ya mia tatu na ishirini na maji ya mia moja na arobaini, nusu kwa nusu, huwezi kupata mia tano. Unapata chini ya mia tatu na ishirini, daima. Kwa asilimia arobaini na tano za lambo nilitarajia kama mia mbili na arobaini. Chai yenye sukari ukiongeza chai isiyo na sukari haizidi utamu! Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Ripoti ilikuwa na saini tatu na hakuna hata mmoja aliyezitazama namba mbili kwa pamoja.

Nikampigia dada wa maabara pale pale. Nikamsomea namba. Akasema kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani.

"Lakini hata yale maji yenu dada, yalikuwa na harufu ya moshi. Tulicheka hapa. Nilimwambia mwenzangu, hawa wa Serengeti wamechota kisimani au jikoni?"

"Mliandika?"

"Kuandika nini?"

"Harufu."

"Hakuna sehemu ya harufu kwenye fomu."

Walinusa, wakacheka, wakaingiza kwenye mashine.

Nilipokata simu mama mkwe wangu alikuwa uani anachambua mboga za majani. Nikamsalimia upya, shikamoo, japo tulishasalimiana asubuhi, kwa sababu nilikuwa natafuta sauti ya kuulizia. Akaitikia, akanitazama. Mama ana miaka sabini na kitu na hakuna anachokosa kukiona usoni mwa mtu.

Hapa lazima nirudi nyuma, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwa hiyo naandika bila kupindisha.

Siku ya kuchota sampuli za Oktoba sikuwepo. Nilikuwa Natta, kwenye kambi ya watalii, ambako fimbo ya pampu ilikuwa imekatikia chini na wageni wao hawana maji ya kuoga. Nilidhani nitamaliza jioni. Haikutoka. Pikipiki ya mradi inapita kwetu saa tatu asubuhi na haisubiri mtu. Chupa sita nilikuwa nimeshazijaza jana yake, ilibaki moja, ya kisima. Nikapiga simu nyumbani alfajiri: mama, nisaidie, nenda kisimani, chota, jaza ile chupa ndogo mpaka mdomoni kabisa isibaki hewa, funga kwa nguvu, mpe kijana wa pikipiki. Akasema sawa. Na fomu ilikuwa tayari. Huwa nasaini fomu za miezi mitatu kwa mkupuo ili nisisahau. Juu ya saini yangu kuna maneno yaliyochapwa: nimechota sampuli hii mwenyewe kwenye chanzo.

Sikuchota mwenyewe. Saini ni yangu.

Basi Jumamosi nikamuuliza. "Mama, yale maji ya Oktoba uliyachotaje?"

"Kwa ndoo. Nikaenda mapema kabla hayajavurugwa. Lita kama nne."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nikayachemsha."

Nilikaa chini kwenye gogo.

"Uliyachemsha kwa nini, mama?"

Aliacha mboga. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu anayeulizwa kwa nini alifunga mlango usiku. "Si ulisema yanakwenda mjini kwa wataalamu? Kuyapima? Watayaonja wale. Nitawapa watu wa mjini maji mabichi ya shimo, waumwe matumbo, waseme ni nyumba yangu?"

Kisha akaongeza, taratibu, na hili ndilo lililonimaliza:

"Mkamwana, wewe ndiye uliyenifundisha. Maji ya mgeni yachemke, na yakianza kuchemka yasitolewe upesi. Mimi kwa mama yangu hatukuchemsha maji. Umekuja wewe, miaka tisa, kila mgeni, mama umechemsha? mama umechemsha? Sasa nimechemsha."

Ni kweli. Mwaka niliokuja hapa padri mgeni alikunywa maji kwetu akalazwa kwa homa ya matumbo, na mimi ndiye niliyeweka ile sheria. Niliisimamia kama askari. Sijawahi kusimamia kitu kikashika vizuri hivyo.

"Yalichemka muda gani?"

"Niliyaacha jikoni nikaenda jumuiya kusali. Siku hiyo sala ilikuwa ndefu, tulikuwa na mgonjwa wa kuombea. Niliporudi yalikuwa yamebaki nusu. Nikasema si kitu, chupa yenyewe ndogo, yanatosha. Nikayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Nikajaza mpaka mdomoni kama ulivyosema. Halikubaki hata povu moja."

Akaniletea sufuria. Chini kulikuwa na utando mweupe, mgumu, mdogo kama duara la sahani. Zile chumvi ambazo hazikuingia kwenye chupa.

Kwa hiyo hakuna lambo kisimani. Ni moto wa kuni za mama mkwe wangu. Moto umefanya kwa saa mbili kile ambacho jua linafanya miezi mitano: umefukuza maji mepesi, umebakiza mazito, umebakiza na chumvi. Mashine ilisema ukweli kuhusu maji yaliyokuwa ndani ya chupa. Haikuulizwa yamepita wapi.

Nilicheka. Nilicheka mpaka mama naye akacheka bila kujua anachochekea, halafu nilipomweleza kwamba kisima kimeondolewa, aliacha. Akashika mboga tena. Akachambua mboga zote mpaka mwisho.

Jirani yetu Nyangi hakuwa na huruma hiyo. Habari ilimfikia kabla ya jua kuzama, na kesho yake baada ya misa akasimama katikati ya wanawake akatangaza, "Nyumba nyingine zinapika ugali. Ile pale imetupikia kisima!" Wakacheka wote. Nilicheka nao, meno tu. Nyangi ana watoto watano na ndoo mbili. Anayo haki ya kucheka kuliko mimi.

Jumatatu nilifanya kazi.

Kwanza, bado giza, nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Marwa, nikamweleza kila kitu, pamoja na saini. Akasikiliza amejiegemeza kwenye fimbo yake. "Mura," akaniita, neno tunalowaita vijana wa kiume, ananiita hivyo tangu nilipotengeneza pampu yake, "sasa unataka nikusaidie kulia au kuchota maji?" Nikamwambia kuchota.

Tukaenda wanne kisimani alfajiri: mimi, mama mkwe, Mzee Marwa na Nyangi, ambaye alijialika mwenyewe. Nikazamisha chupa chini ya maji, nikaifungia humo humo ndani, bila tone la hewa, mara mbili, chupa mbili. Nikapima chumvi mbele yao: mia tatu na ishirini na mbili. Nyangi akataka kuona kile kipimo kwa macho yake, akakigeuza geuza. "Na hiki hakidanganyi?" Nikampa akachovye kwenye ndoo yake mwenyewe. Mia tatu na ishirini na moja. Akakirudisha bila neno, na kwa Nyangi hiyo ni sifa.

Kisha nikachota lita nne, nikazipima kwa chupa ya lita moja yenye alama, nikazibandika kwenye sufuria ile ile, kuni zile zile, wazi, mpaka zikabaki mbili. Mama alikaa pembeni ananielekeza. "Usichochee. Mimi sikuchochea." Yalipopoa nikachovya kipimo. Mia tano na kumi na nane. Chupa yao ilikuwa mia tano na kumi na mbili. Tofauti ni sita, na kuni za siku mbili hazifanani. Nikajaza chupa ya tatu na hayo yaliyochemka. Ya nne nikajaza maji ya lambo.

Mzee Marwa akaweka saini yake kwenye karatasi ya kila chupa. Mama hajui kuandika vizuri, lakini aliitaka kalamu. Akasema, "Andika kwamba ni mimi niliyechemsha. Jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani." Nikamwambia mama, haina haja, kosa ni langu, mimi ndiye niliyesaini. Akasema, "Wewe utasema lako. Hili ni langu." Akaandika herufi kubwa, moja moja, zikachukua nusu ya karatasi.

Jumanne chupa zilikuwa kwenye basi la kutoka Mugumu. Jana, Jumatano, dada wa maabara amenithibitishia kwamba zimefika, zimejaa, hazijavuja. Mashine iko wazi. Chupa nne ni kazi ya mchana mmoja. Anahitaji kitu kimoja tu: ruhusa ya Mratibu wa mradi, kwa sababu sampuli zisizo kwenye ratiba hazipimwi bila yeye kusema.

Nimemwandikia Mratibu jana asubuhi. Sikumficha kitu. Nimemwambia kwamba sikuwepo, kwamba fomu nilisaini kabla, kwamba mama mkwe alichemsha na kwa nini. Nimempa namba zote za chumvi. Nimemweleza nategemea nini kwenye mashine: chupa mbili mpya za kisima zitaangukia kwenye mstari wa mvua, karibu na hasi tatu nukta sita, iliyochemshwa itaangukia pale pale ilipoangukia namba 17. Kama nimekosea, zitamuumbua mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Akajibu saa nane: "Asante kwa taarifa. Suala lako tutaliangalia kwa mujibu wa utaratibu."

Nikampigia. Mara ya tatu akapokea. Ana sauti nzuri, ya upole, sauti ya mtu ambaye hajawahi kusubiri ndoo. Akasema ripoti imeshafungwa. Akasema kamati inasaini orodha Jumatatu. Akasema kwamba mkusanyaji kukiri kuvunja utaratibu ni jambo zito, na kwamba linaweza kuathiri nafasi yangu. Nikamwambia nafasi yangu iweke pembeni, tuiongelee wiki ijayo, hata ukiichukua. Je, chupa zitapimwa? Akasema, "Nimekuelewa dada yangu. Tutaona."

Tutaona nini? Ndicho kinachonitoa nje kila ikinguruma. Angesema hapana ningejua pa kwenda. Ningepanda basi mpaka kwa mkuu wake, au ningekubali, nikachukua sururu nikaenda kuchimba mwenyewe. "Tutaona" haishikiki. Ni kama kukaza nati iliyokwisha meno, unazungusha, unazungusha, haikazi na haitoki.

Na naomba mvua isubiri kwa sababu akitaka kutuma mtu wake aje kuchota upya, ambayo ni haki yake na nitamkaribisha, lazima achote kabla maji mapya hayajaingia kisimani. Vuli ikishamwaga, yale maji ya Oktoba hayapo tena duniani. Hapo atasema hakuna namna ya kuthibitisha, na atakuwa sahihi.

Kuhusu Ringwani: sina ugomvi na watu wa kule. Nimetengeneza pampu zao, wanapika uji mzuri. Wanahitaji maji na wana haki ya kuyapata, kwa zamu yao. Lakini hawakuchaguliwa kwa sababu ya shida yao. Wamechaguliwa kwa sababu ya sufuria ya kwetu. Wakilijua hilo hata wao hawatalifurahia.

Nakubali yangu yote. Sitasaini tena fomu kabla ya chupa. Sitamtuma tena mtu kazi ambayo sijamweleza maana yake, hata kama ni mama, hasa kama ni mama, maana alifuata kila neno nililompa isipokuwa lile ambalo sikulisema. Miaka miwili nachora nukta kwenye daftari mezani kwake, na hata siku moja sikumwambia zinahusu nini. Nilimweleza jana. Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Akauliza, "Kwa hiyo hata maji ya kwenye mtungi, ukiyaacha wazi, yanakuwa mazito?" Ndiyo, mama. "Na hawa wasomi wameshindwa kuuliza kama yalikaa motoni?"

Nimeliandika hapa kama alivyolisema.

Lakini wao nao wakubali yao. Mtu alinusa moshi hakuandika. Mtu alipitisha mia tano na kumi na mbili bila kushtuka. Watatu wakasaini. Saini yangu moja inaitwa kuvunja utaratibu, zao tatu zinaitwa utaratibu.

Bwana Mratibu, najua unasoma humu, uliwahi kuniambia ulipenda lile andiko la pampu ya kanisani. Kwa hiyo nakuuliza hapa hapa, mbele ya watu, kwa sababu kwenye simu unaniitikia bila kunijibu. Chupa ziko nne. Ziko kwenye friji ya maabara, rafu ya chini, upande wa kushoto. Zinahitaji mchana mmoja. Sikuombi unirudishie kisima, sikuombi unisamehe, sikuombi hata uniamini. Nataka neno moja tu kutoka kwako, liandikwe, nimpelekee Mzee Marwa na Nyangi na mama yangu: zitapimwa kabla kamati haijasaini, ndiyo au hapana?

Nasubiri mpaka kesho Ijumaa, saa kumi kamili jioni.